Nazi Kumi na Tano

"Futa huo upande wa baharini," Mwalimu Lisiate alisema. "Swali linasema bahari ndiyo ukuta."

Kepu, chaki mkononi, hakufuta. Alikuwa amechora zizi la nguruwe lenye pande nne, zote za waya, na chini yake hesabu safi kabisa: waya mita themanini, kila upande ishirini, eneo mia nne. Kitabu kilitaka mia nane.

"Mwalimu, maji yakikupwa je?"

"Yakikupwa nini?"

"Maji yakikupwa nguruwe wa mama yangu wanatembea mpaka mwambani kula kome. Usipoziba upande wa bahari, jioni huna nguruwe. Una waya tu."

Darasa zima likaangua kicheko, nalo lilikuwa na watu sita. Lisiate naye alicheka, maana kosa lilikuwa lake. Kitabu kilitungwa Nyuzilandi, na swali lenyewe lilikuwa la kondoo kando ya mto. Kisiwani kwao mto hapana na kondoo hapana, basi usiku uliopita akabadilisha: kondoo wakawa nguruwe, mto ukawa bahari. Hakukumbuka kwamba nguruwe wa Tonga hawaogopi maji.

"Kwenye mtihani," alisema, "bahari ni ukuta."

"Basi huo mtihani haujawaona nguruwe wa mama."

"Kaa chini, wakili wa nguruwe. Ofeina, njoo utuchoree mkunjo."

Ofeina aliinuka. Alikuwa binti mrefu, mkimya, asiyeshika chaki kabla ya kujua atakachoandika. Akachora mistari miwili, akatia alama, kisha mkono ukapanda kutoka sifuri, ukafika juu, ukalala kidogo, ukateremka hadi sifuri ya upande wa pili. Hakufuta kitu.

"Kwa nini pale juu na si pengine?"

"Kwa sababu kabla ya pale mteremko ni chanya, bado kuna faida ya kuongeza. Baada ya pale ni hasi, ukiongeza unapoteza. Pale penyewe ni sifuri."

"Nguruwe wako wamepata nafasi."

Ofeina hakurudi kwenye kiti. Alisimama akiipangusa chaki vidoleni, macho chini. "Mwalimu, ni kweli Jumamosi utakuwepo uwanjani?"

Lisiate akaushika mkeka wake wa kiunoni, vazi la heshima la Kitonga, akaikaza kamba ambayo haikuwa imelegea.

"Nani kakwambia?"

"Orodha ya watakaopimwa kwa kazi ya ng'ambo ipo mlangoni pa duka. Watu arobaini, nafasi nane. Wewe ni wa ishirini na tisa."

"Ndege inaondoka tarehe ishirini Septemba," Kepu aliongeza, na safari hii hakuwa na utani. "Mtihani ni Novemba. Hizi sura mbili zilizobaki atatufundisha nani? Mkuu wa shule?"

Mkuu wa shule alifundisha Biblia, naye alikwisha kutangaza mbele ya wazazi kwamba herufi ni za lugha, hesabu zina namba zake. Kisiwa kizima, kutoka gati hadi kiwanja cha ndege, mtu wa kuwafundisha kalkulasi alikuwa mmoja, na mtu huyo jina lake lilibandikwa mlangoni pa duka pamoja na wavuvi, maseremala na vijana waliofukuzwa shule, akiomba kwenda kubeba nyama ya watu wengine.

"Nakilini kazi ya nyumbani," alisema.

*

Kalolaine, mke wa Lisiate aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo, alipiga simu Jumatano baada ya sala ya jioni, kama kawaida yake. Lisiate aliipokea akiwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma, mahali pekee mtandao unaposhika. Nyuma yake, jikoni, mama yake Melenaite alikuwa akifunga nyama ya kopo katika majani ya jimbi, masikio yote yako nje.

"Umefanya mazoezi?" Kalolaine aliuliza.

"Nimezunguka uwanja mara nne."

"Ukikimbia?"

"Nikizunguka."

Mkewe alicheka kile kicheko chake. Miaka miwili na miezi mitano alikuwa akikisikia kupitia kitundu kidogo cha simu. Alijua sasa kwamba sauti ya mtu haina harufu, wala haina uzito kitandani. Alikuwa amemzoea hata mwanamke yule wa kwenye simu, mwembamba wa uso, mwenye kofia nyeupe ya kiwandani. Lakini alichokitamani ni yule mwingine, aliyekuwa akimwekea miguu baridi mgongoni na kumwambia, vumilia, wewe si ndiye mwanamume?

"Lisi, sikiliza. Msimamizi wangu amesema wewe ukipita huko, jina lako litaletwa hapa, kiwanda hikihiki. Nimemwomba miezi minane. Akichukua mtu mwingine, nafasi ya namna hii sijui itarudi lini."

"Wanafunzi wangu wana mtihani Novemba."

"Najua."

"Ni sita tu, lakini…"

"Najua, Lisi. Na mimi mwezi wa tatu natimiza thelathini na nane. Daktari wa huku ameniambia kwa adabu, lakini ameniambia. Mwili haungoji mtihani wa mtu."

Lisiate alitazama nguruwe wakipita uani mmoja mmoja, mama na vitoto, kama wanaotoka kanisani.

"Nitapita," akasema.

Alipoingia jikoni, Melenaite hakujifanya kwamba hakusikia. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na miwili, na heshima yake haikuwa imemfunza kunyamaza.

"Mishahara yako miwili ndiyo anayoipata mwenzio kwa siku nne," alisema. "Lakini mimi sisemi fedha. Paa tulilopoteza kwenye kimbunga ameliezeka, nimeshukuru, nimelala pakavu. Nasema hivi: mjukuu hapatikani kwa simu."

"Mama!"

"Nini mama? Wangekuwa wanapatikana hivyo, ningekuwa nao kumi."

"Na wewe ubaki na nani?"

"Nina kanisa, nina nguruwe, nina magoti mabovu. Tutakuwa wengi." Akafunga jani la mwisho, akalipigapiga kama mtu anayemlaza mtoto. "Nenda. Ila usikimbie na shati jeupe la shule. Watakucheka mara mbili."

*

Walimcheka hata bila hilo shati.

Kipimo kilikuwa rahisi kukieleza. Nazi, na maganda yake, zimerundikwa chini ya goli. Unazitia kwenye gunia kiasi upendacho, unabeba hadi mstari wa katikati ya uwanja, unazimwaga, unarudi. Dakika ishirini. Atakayehamisha mia na hamsini amepita, mradi nafasi nane hazijajaa. Walikuwa wakikimbizwa kumi kumi, na Lisiate alikuwa katika kundi la tatu.

Aliyeshika filimbi alikuwa Havea. Miaka tisa iliyopita Havea alipata alama kumi na nane kwa mia katika kalkulasi, na siku ile ya matokeo Lisiate alimwambia mbele ya darasa kwamba kichwa chake kinafaa kubebea mizigo. Sasa Havea alikuwa na misimu saba ya kuchuma matunda ng'ambo, kiongozi wa kikosi, na viatu vilivyogharimu kuliko ubao wa shule.

"Mwalimu!" alisema, akamwinamia kwa adabu ya kweli kabisa, na ndiyo iliyochoma. "Karibu. Naomba uvue mkeka, utakunasa miguuni. Na saini hapa. Kama huwezi kusoma maandishi madogo, nitakusomea."

Vijana wakacheka. Lisiate akafungua mkeka wake wa kiunoni, uliofumwa na nyanya yake, akaukunja, akatafuta pa kuuweka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akauweka kwenye majani.

Hapo ndipo alipowaona. Wanafunzi wake wote sita walikuwa wameketi juu ya ukuta mfupi wa uwanja. Kepu alishika simu yake kama saa ya kupimia. Ofeina alikuwa na daftari magotini, naye hakuinua kichwa. Wamekuja kuniona nikianguka, aliwaza, na hakuweza kuwalaumu. Nikianguka, watanipata mpaka Novemba.

Filimbi ikalia.

Kijana wa kushoto alitia nazi ishirini na tano, akafunga gunia, akaondoka. Wa kulia alitia ishirini na tano. Lisiate, mwenye miaka arobaini na mitatu, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatia ishirini na tano. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwaambia watoto wa watu kwamba si kila kuongeza ni faida. Siku ile kiburi kilimpanda mabegani kabla ya gunia.

Njia nusu alisimama. Akasimama tena. Alipomwaga nazi na kurudi, dakika nne zilikuwa zimekwisha. Akatia tena ishirini na tano, maana kupunguza mbele ya Havea ni kukiri. Safari hii gunia lilimtupa chini, goti likachubuka, na nazi moja ikabingirika ikienda zake, ikabidi aifuate.

"Mteremko hasi, Mwalimu!" Havea alipaza sauti, na uwanja mzima ukalipuka.

Dakika nane. Nazi hamsini. Lisiate aliinama juu ya rundo, mikono magotini, jasho likimdondoka puani. Hakuwa na hesabu kichwani, alikuwa na uso wa Kalolaine tu, na uso wenyewe ulikuwa ukisogea mbali.

Akainua macho kwenye ukuta. Ofeina alikuwa ameacha kuandika. Daftari lilikuwa wazi magotini, na hata kwa umbali ule Lisiate aliutambua mkunjo uliochorwa, namna ulivyopanda, ukalala, ukashuka. Ndipo akaelewa. Hawakuja kumcheka. Makundi mawili yaliyotangulia walikuwa wakiyapima, kila mtu na mzigo wake na muda wake, vitone ishirini kwenye karatasi ya miraba. Walikuwa na jibu. Wote sita walikuwa nalo, wamelikalia kama kuku juu ya yai.

Kepu alimtazama Ofeina. Ofeina akamtazama Kepu. Kepu akatikisa kichwa, taratibu: usiseme.

Binti akalitazama daftari, akamtazama mwalimu aliyeinama. Kisha akasimama juu ya ukuta, yeye asiyewahi kupaza sauti darasani, daftari likaanguka.

"Kumi na tano, Mwalimu!" Sauti ilipasuka katikati. "Beba kumi na tano! Kumi hazitoshi, ishirini zinakuchelewesha! Kumi na tano!"

Lisiate akatia kumi na tano, akazihesabu, akaondoka. Sekunde mia moja, kwenda na kurudi. Akatia kumi na tano. Kepu akaanza kumsomea muda, kwanza kwa hasira, kisha kwa nguvu, na wale wanne wengine wakaitikia idadi: themanini! Tisini na tano! Wale vijana wa ishirini na tano walikuwa wamelala chini wakitazama mawingu. Katika safari ya sita miguu haikuwa yake tena, ilikuwa ya mtu mwingine aliyemwazima. Mia na arobaini! Ikabaki moja.

Alizimwaga zile za mwisho akapiga magoti katikati yake. Filimbi ikalia.

"Mia na hamsini na tano," Havea alisema. Hakucheka. Alikwenda mwenyewe kwenye majani, akauokota ule mkeka, akaukung'uta, akamletea mwalimu wake kwa mikono miwili. "Umepita."

Lisiate aligeuka kuangalia ukutani. Walikuwa wamekwisha kuondoka.

*

Jioni ya Jumatatu Melenaite alichungulia dirishani, akasema, "Baba yake Ofeina anakuja. Na wazazi wengine. Wamevaa mikeka. Wana mzizi wa kava."

Mtu anayekuwekea mzizi wa kava, ule wa kinywaji cha heshima, mbele yako amekuja kuomba, na humwondoi mikono mitupu isipokuwa uwe umeamua kuhama kisiwa.

"Waambie nimelala."

"Saa hii? Niseme una mimba?"

"Mama, nakuomba."

"Mimi sidanganyi mbele ya kava. Inuka uketi."

Waliketi mkekani, miguu imekunjwa. Mzee Fonua, baba yake Ofeina, mvuvi wa pweza mwenye vidole vilivyokakamaa, aliusukuma ule mzizi mbele, akazungumza na sakafu kama inavyopasa.

"Mwalimu, sisi ni watu wadogo, hatuna shule. Tumekuja kuomba."

Sasa, Lisiate aliwaza. Sasa atasema, baki mpaka Novemba. Na nikisema ndiyo nitampoteza Kalolaine, na nikisema hapana nitapoteza uso.

"Tunaomba utuachie daftari lako," Fonua alisema. "Lile unalofundishia. Watoto wanasema wakilipata watazisukuma wenyewe hizo sura mbili zilizobaki. Ofeina atawaongoza. Hatukuombi ubaki. Binti yangu ametukataza. Amesema mwalimu ana mke, na mke si nguruwe kumwacha ng'ambo ya maji akingoja."

Wazee wakacheka kidogo, kwa adabu. Lisiate alilileta daftari. Miaka kumi na tisa ilikuwa humo, kwa wino wa rangi tatu. Akaliweka mbele ya mzee kwa mikono miwili. Alikuwa ameogopa siku mbili nzima kwamba wangemwomba abaki. Sasa hawakuomba, na aliona jinsi alivyotaka waombe.

*

Mtu mpya kiwandani huwekwa penye pengo, na pengo lilikuwa zamu ya mchana. Kalolaine alikuwa zamu ya usiku, na zamu ya usiku ilikuwa imejaa, wala hakuna aliyeruhusiwa kubadilishana mpaka baada ya Krismasi. Huenda na baada yake. Lisiate alikata mbavu za ng'ombe kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mkewe aliosha mashine kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili walikaa pamoja, lakini nyumba ya kampuni ilikuwa na watu tisa, kuta za ubao na sebule iliyogeuka kanisa, na chumba chao kililaliwa na wengine wawili nyuma ya pazia.

Siku nyingine zote walikutana getini. Basi la zamu ya usiku lilifika, la zamu ya mchana likangoja, na katikati yake kulikuwa na dakika kumi na moja. Lisiate alizipima siku ya kwanza, kisha akaacha kupima.

Jumanne ile ya Novemba alitoka mikono ikinuka damu na dawa, vidole havikunjiki. Huko nyumbani watoto sita walikuwa wametoka kwenye chumba cha mtihani. Ofeina alikuwa ametuma maneno matatu tu, "Tumemaliza, Mwalimu. Asante," na Lisiate aliyasoma mara nyingi chooni, akitafuta ndani yake kama yalikuwa maneno ya mtu aliyefaulu.

Kalolaine alishuka kwenye basi, kofia nyeupe mkononi, alama ya mto bado shavuni. Alikuja mbio kidogo, kama anavyokuja kila siku.

"Wametoka salama?"

"Hawasemi."

"Watakuwa wamefaulu. Umewafundisha wewe." Akamshika vidole, akavikanda kimoja kimoja. "Mikono gani hii? Ulikuwa mwalimu wewe."

"Nawe ulikuwa mnene."

"Njoo uninenepeshe." Alisema hivyo akicheka, kisha kicheko kikawaponyoka wote wawili, wakabaki wameshikana mikono kwenye taa kali za getini, watu wakiwapita huku na huku kama maji yanavyopita jiwe.

Nyuma yao dereva wa basi la mchana alipiga honi. Msimamizi wa usiku akaita majina. Kalolaine akaitikia lake bila kugeuka.

"Chakula kiko kwenye sufuria nyekundu, nimeandika jina. Na leo sikuamka saa kumi kama siku zote. Nimelala mpaka dakika ya mwisho, nikatoka bila kuoga, wakanigombeza." Akamsukuma kifuani, taratibu, kuelekea basini. "Nimekifunika kitanda na mablanketi yote mawili. Wahi, Lisi. Ukifika upesi utakikuta bado kina joto."

Alikimbia. Alipanda basi, akasimama mlangoni ili awe wa kwanza kushuka, na liliposimama mbele ya nyumba alishuka akikimbia, akapita jikoni bila kutazama sufuria, akaingia chumbani na viatu vyake, akatia mkono chini ya mablanketi.

Akauacha humo.